Mlango wa Nathanieli

Ilianza na maziwa. Asubuhi ile Eveline aliamka katika chumba cha bibi yake, ukungu umeziba dirisha lote, akahisi kifua kimelowa. Akadhani bati linavuja. Akashika blauzi, akanusa vidole. Yalikuwa maziwa ya mama, ya vuguvugu, na hayakuwa machache. Sasa maziwa yanatoka wapi, jamani, kwa mwanamke ambaye mtoto wake wa pekee, Angela, ana miaka minne na aliacha kunyonya zamani, tena yuko pale pale ubavuni mwake amelala mdomo wazi?

Akabadili blauzi, akajifunga khanga, akajiambia ni baridi ya Njombe hii, inavuruga miili ya watu. Paskalina, mwigizaji aliyelala kitanda cha pili, alimwona akianika blauzi mbichi karibu na moto, akamtania.

"Dada Eveline, usitufiche. Shemeji alipita hapa lini?"

Wakacheka wote wawili. Ila katikati ya kicheko Eveline aliona kwamba mkono wake wa kushoto umejikunja wenyewe kifuani, kiwiko nje, kiganja juu, kama mtu aliyepakata kitu. Akaunyoosha. Baada ya muda kidogo ukajikunja tena.

Sasa turudi nyuma kidogo, tujue walifikaje pale.

Eveline aliishi Makambako na mumewe Edson, mwenye duka la mabati na misumari upande wa stesheni. Kazi yake ilikuwa kuandika michezo ya redioni, na aliifanya vizuri, mpaka kituo kimoja cha televisheni kikamwita, kikamkabidhi riwaya aigeuze iwe tamthilia. Riwaya yenyewe ilimhusu msichana wa siku hizi anayerudi nyuma hadi wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, akamwokoe mpagazi mmoja aliyetekwa shambani kwake kubebeshwa risasi, ili historia igeuke. Mle kitabuni hafanikiwi. Anampata yule mpagazi, anamshika mkono, anamvuta kwa nguvu zake zote, na bado mpagazi anafia njiani. Wenye kituo hawakuupenda mwisho ule. Walisema watu wanafika nyumbani jioni wamechoka, hawataki kulizwa. Mpagazi arudi. Mke amwite, aingie, waote moto, basi.

Eveline alikubali. Na kwa kuwa alitaka jambo lile liwe na uhai, alimpa mpagazi jina la mtu aliyekuwapo kweli, akampa mke maneno yaliyosemwa kweli. Aliyasikia kwa bibi yake, Fidelia, tangu utotoni, wakimenya viazi.

Bibi Fidelia alikuwa kitinda mimba wa mwanamke aitwaye Lidia. Na Lidia, kabla hajamzaa yeyote, aliolewa na kijana Nathanieli. Askari walimkuta Nathanieli anapalilia ulezi, wakamtwisha mzigo akiwa na tope miguuni, wakaondoka naye. Kila magharibi Lidia alisimama mlangoni akitazama barabara, akaita: "Nathanieli, moto unawaka. Njoo uote." Akaita msimu ukapita, akaita msimu mwingine. Mwishowe wakubwa wa ukoo wakamwambia mwanetu, inatosha. Katika ukoo ule, mtu akifia mbali na mwili usionekane, walikata shina la mgomba, wakalifunga ndani ya mkeka wake, wakalililia kama maiti, wakalizika. Kisha waliuziba mlango aliotokea kwa matofali na majivu ya jiko lake, wakatoboa mlango mwingine upande wa pili wa nyumba, ili kama anarudi kwa njia ile ile akute ukuta, ajue kwamba ameshaliliwa. Na upande ule jina lake halikuitwa tena.

Ndipo Lidia akaolewa na Yosefu. Akazaliwa Fidelia, Fidelia akamzaa mama yake Eveline, na Eveline akamzaa Angela. "Ukuta ule ndio uliotuzaa," bibi Fidelia alikuwa akisema, anaupiga kofi ukuta kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

Nyumba hiyo ndiyo waliyokuja kupigia picha, kijijini kwa bibi, kwenye barabara ya Lupembe yanakopita malori ya chai. Paa limebadilishwa mara nyingi, kuta ni zile zile za tofali mbichi, nene. Bibi mwenyewe alikuwa Makambako kwa Edson, anatibiwa jicho. Mwongozaji aliitwa Damiano, kijana mpole wa Dar es Salaam ambaye tangu afike hakuivua kofia yake ya sufu hata wakati wa kula. Siku ya kwanza akauona ule mstari kwenye plasta, umbo la mlango wa zamani.

"Dada Eveline, huu unatazama jua linapozama. Ule wenu wa siku hizi unatazama banda la kuku. Mume anatoka vitani, tumpitishe kwa kuku?"

Watu wakacheka. Eveline naye akacheka. Alifikiri kumpigia bibi simu, kisha akafikiri mtu mgonjwa wa jicho unamsumbuaje kwa ukuta, utajengwa tena kazi ikiisha. Akatikisa kichwa kukubali. Mafundi wakabomoa. Kati ya matofali walikuta majivu, mengi, makavu kabisa. Wakayafagia nje.

Jioni ile ile walipiga picha ya wito. Paskalina alisimama mlangoni na shuka jeusi mabegani, moto umewashwa nyuma yake, akaita vile Eveline alivyoandika: "Nathanieli, moto unawaka. Njoo uote." Damiano hakuridhika. Akaomba tena. Mara mwanga, mara sauti, mara lori la chai limepita. Paskalina akaita na kuita, na kila alipoita sauti yake ilizidi kuwa ya mtu mwingine, mkubwa kuliko yeye, mwenye kiu. Mwisho, jua limeshagusa miti ya misindano, wakasikia nyayo kwenye tope, nzito, zinapumzika, zinaendelea. Kisha kitu kizito kikatuliwa chini nje ya mlango. Pu. Na pumzi ndefu ya mwanaume anayetua mzigo.

Damiano akafurahi, akasema hapo sasa, Silvesta leo umecheza. Silvesta ndiye aliyeigiza mpagazi. Akajibu kutoka ndani ya gari, upande wa kuku, kwamba yeye hajashuka, bado anafunga viatu.

Walicheka kidogo, kila mtu akamtazama mwenzake, wakaanza kukunja nyaya. Asubuhi yake ndipo Eveline alipoamka na maziwa.

Siku hiyo ya pili walikuta ngata karibu na jiko. Ngata ya majani, ya kuwekea mzigo kichwani, iliyosokotwa kwa mkono, imelowa, ina nywele. Kila mtu akadhani ni ya mwenzake, wa vifaa akasema si yake, ikatupwa shimoni. Jioni ilikuwa pale pale jikoni, imesogea karibu zaidi na moto. Nyumba ikashika harufu: ngozi mbichi iliyonyeshewa, jasho la zamani, na kitu kingine kitamu kitamu ambacho Paskalina alisema ni kidonda. Walifungua madirisha, harufu ikakaa. Na kila jua lilipogusa misindano, wakiwa wanapiga picha au wamekaa wanakula kande, walisikia nyayo zile na ule mzigo ukituliwa. Pu. Kila jioni ulituliwa karibu zaidi.

Yote hayo Eveline angeyavumilia. Alilala na hofu, aliamka na hofu, akasema kazi itaisha, tutaondoka. Kilichomtoa roho ni Angela.

Paskalina alikuwa amempenda Angela tangu mwanzo, akamsuka, akamfundisha kuigiza mtu anayepiga chafya. Asubuhi ya siku ya tano mtoto akaenda kumpandia mapajani kama kawaida. Paskalina akamshika mabega taratibu, akamsimamisha chini, akauliza mtoto huyu mzuri ni wa jirani gani. Eveline akadhani ni utani. Akamwambia acha basi. Paskalina akamtazama kwa aibu, kama mtu aliyekosea bila kujua kosa.

Mchana aliyepakua chakula akamruka Angela. Akaambiwa, akaomba radhi, akapakua wengine, akamruka tena. Damiano akauliza ni nani aliyeleta mtoto kazini. Eveline akatoa simu amwonyeshe picha alizompiga binti yake juzi, Damiano mwenyewe akiwa amembeba shingoni. Kwenye picha Damiano alikuwapo, anacheka, mikono yake imeinuliwa juu imeshika hewa.

Eveline akaizima simu. Alimfunga Angela mgongoni kwa khanga, mtoto mkubwa vile, akaomba gari la kazi, akamwambia dereva Makambako, na ninakuomba usisimame popote.

Edson alikuwa dukani anapimia mteja nyaya. Alimwona mkewe akafurahi, akamwita ndani, kisha akamwona mtoto anashuka mgongoni.

"Shikamoo baba," Angela akasema.

"Marahaba, mtoto mzuri," Edson akajibu, akainama kwa upole wake wote, akamfuta vumbi shavuni. "Wazazi wako wako wapi?"

Angela akamtazama mama yake. Hakulia. Alikuwa mtoto anayejua utani wa baba yake, akangoja autoe. Edson hakuutoa. Alimwambia Eveline kwa sauti ya chini kwamba kama amechukua mtoto wa watu kijijini kwa sababu wao hawajajaliwa, yeye hatamlaumu, ila mambo hayo yana taratibu zake. Na macho yake yalikuwa safi, hayana hata chembe ya mchezo.

Eveline akakimbilia uani, nyumbani kwao nyuma ya duka. Chumba cha Angela kilikuwa na magunia ya mahindi mpaka darini, na magunia yenyewe yalikuwa na vumbi la muda mrefu. Nguo zake hazikuwapo. Kwenye kona ya bafu kulikuwa na beseni dogo la plastiki, la rangi ya waridi, la kuogeshea kichanga, na Eveline alilishika akalibana kifuani, akashukuru kwamba angalau kitu kimoja cha Angela kimebaki. Maziwa yakalowesha khanga yake yote.

Hapo ndipo bibi Fidelia alipotokea, anapapasa ukuta, jicho moja limefunikwa bandeji. Angela akamkimbilia akamshika gauni. Mkono wa bibi ukateremka juu ya kichwa cha mtoto, ukatambua mabutu aliyosuka Paskalina, ukatulia.

"Angela wangu," bibi akasema. Kisha akanyanyua uso. "Mmefungua mlango?"

Eveline akaanguka magotini. Akaeleza yote, mlango, majivu, jina, wito. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Alipoulizwa yeye anamkumbukaje mtoto ambaye baba yake mzazi amemsahau, alisema yeye ni mtoto wa Lidia mwenyewe, kwa hiyo yeye atakuwa wa mwisho kusahau na wa mwisho kusahauliwa. Mtu yule akirudi kwa mkewe, alisema, Lidia hana sababu ya kuolewa na Yosefu. Na sisi sote ni wa Yosefu.

"Wanafutwa kuanzia chini," bibi akanong'ona, Angela asisikie. "Wanaanza na wadogo. Yeye akishaota ule moto, basi, amefika. Kaota?"

"Bado. Picha ya kukaa motoni wanaipiga leo jioni."

Mkono wa bibi ulikuwa umefika kwenye kifua cha Eveline, kwenye khanga iliyolowa, ukasimama pale. Akavuta vidole puani. Eveline alimwona akitaka kusema jambo, akalimeza, uso ukamzeeka pale pale.

"Twende," akasema. "Na huyo mume wangu atupe mfuko wa saruji."

Edson alicheka kuitwa mume wangu, kama siku zote, akapakia saruji akidhani ni ya kuziba nyufa.

Njia yote Eveline alimpakata Angela na kumwambia dereva aongeze mwendo. Alijaribu kupiga simu awaambie waache, haikupokelewa, wakipiga picha huzima zote. Walipopita mtaa wa Ramadhani pale Njombe jua lilikuwa limeinama, na walipoingia barabara ya Lupembe ukungu ukawapokea, mzito, unatembea, dereva akawasha taa na taa zikarudi machoni mwao wenyewe, na ndani ya ukungu ule Eveline akahisi mtoto anapungua mikononi, si kwamba anakonda, bali uzito wake unapungua, kama gunia linalovuja, mpaka alipokuwa mwepesi kama maganda ya mahindi, na alipomwita jina lake ilimbidi kwanza alitafute, alijua linaanza na A, akalishika, akalirudia, Angela, Angela, Angela, na dereva akamtazama kwenye kioo akauliza, dada, unamwita nani.

Walishuka upande wa kuku. Ndani kulikuwa kimya, kimya cha watu wanaopiga picha. Damiano ameinama kwenye kioo cha kamera, fundi sauti ana vipokea sauti masikioni na machozi yanamtoka bila yeye kujua, na Paskalina amechuchumaa kando ya jiko, amenyoosha mkono kuelekea mlango wa zamani, anasema kwa ile sauti isiyo yake, ingia, moto unawaka. Na Silvesta, mwenye kuigiza mpagazi, na nguo zake chakavu za kuigizia, alikuwa amesimama nyuma ya Damiano, mgongo umeganda ukutani, anatazama mlangoni kama wengine.

Mlangoni alisimama mwanaume. Alikuwa mrefu, tope limemfika magotini, mabega yake yamebonyea pale mizigo ilipokaa, na shingo imezama kama ya mtu aliyebeba hata akiwa hajabeba. Uso haukuonekana vizuri, si kwa sababu ya giza, maana moto ulimulika mpaka kwenye kizingiti, lakini kila jicho lilipoufikia liliteleza, likaangukia kwingine. Nyuma yake chini palikuwa na mzigo, umefungwa kwa mkeka. Aliinua mguu mmoja akauweka ndani, na pale ulipokanyaga sakafu maji yakatanda.

"Kamwene," akasalimu, salamu ya kwao, kwa adabu ya mtu anayeingia nyumbani kwake baada ya safari.

Hakuna aliyeitika isipokuwa bibi Fidelia. Alipita katikati ya taa na nyaya, anapapasa, akamvua Paskalina shuka jeusi akajifunga mwenyewe, akasimama kati ya yule mtu na moto.

"Kamwene, Nathanieli," akasema, kwa sauti ya kawaida ya jioni. "Umefika kwa watu. Mimi ni binti wa Lidia."

Yule mtu akasimama.

"Binti yangu," akasema.

"Hapana, mwanetu. Binti wa Lidia na Yosefu. Mama alikuita mpaka sauti ikakauka. Tulikulilia, shina lako limelala kule juu na mkeka wako. Mzigo ule ulikuua. Hujui tu."

Upepo ukaingia ukaulaza moto. Yule mtu aliutazama moto kwa kiu ambayo Eveline hataisahau, kiu ya baridi ya miaka yote ile, akapeleka mguu wa pili ndani.

"Nimeitwa," akasema. Polepole, kama mtu anayeonyesha karatasi ya ruhusa. "Nimeitwa kwa jina langu, kwa maneno yangu, kwenye mlango wangu. Kama nimekufa, nani aliniita?"

Bibi akageuza jicho lake moja, akamtafuta mjukuu wake.

Eveline alijua kinachotakiwa. Mikononi mwake mtoto alikuwa hana uzito kabisa, anamwona kama mtu anavyoona kitu chini ya maji, na jina lake limebaki herufi moja. Akapiga hatua mpaka ubavuni kwa bibi.

"Mimi," akasema. "Mimi niliyekuita. Nilikudanganya, baba. Niliandika kwamba unarudi kwa sababu watu walitaka urudi. Hukurudi. Ulifia njiani, nao waliuchukua mzigo wako wakampa mwingine. Lidia alilia, kisha akaacha kulia, akaolewa, akacheka tena. Hakuna anayekungoja hapa. Nisamehe. Ondoka."

Ilikuwa kama kumfukuza mtu mwenye njaa kwenye sufuria. Maji yakamchuruzika yule mtu. Kisha mguu wa ndani ukarudi nyuma, na wa pili ukaufuata. Akainama akaushika mzigo wake, akaunyanyua kichwani bila kusaidiwa. Mzigo ulipopanda ulitoa sauti ndogo, nyembamba, kama kitoto cha paka. Eveline alidhani ni ngozi inayokazana. Nyayo zikaenda zikiingia kwenye ukungu, zinapumzika, zinaendelea.

"Majivu," bibi akasema. "Haraka."

Hapo watu wakaamka. Damiano na kofia yake, Silvesta na nguo zake za mpagazi, mafundi, wote wakaokota matofali yale yale, wakakoroga saruji ya Edson, bibi akazoa majivu ya jiko kwa mikono akamwaga kati ya tofali na tofali, na kabla ukuta haujafika kimo cha mtu Angela akawa mzito ghafla mikononi mwa mama yake, mzito wa kumwangusha, akapiga chafya ya kuigiza, na Paskalina akaangua kilio, akasema nilikuwa nakuulizia wewe ni mtoto wa nani, mimi, wewe mtoto wangu.

Usiku huo Edson alipiga simu kuuliza Angela amekula nini.

Tamthilia ilitoka. Eveline aliwaambia wenye kituo kwamba mpagazi anakufa, kama kitabu kinavyosema, wakitaka waandike wengine. Walinung'unika, wakakubali. Damiano aliizika ile kadi ya kamera yenye picha za mlango, yeye mwenyewe, kule juu, karibu na shina la mgomba. Chumba cha Angela kikarudi na kitanda chake, na mahindi yakawa stoo, mahali pake.

Lakini maziwa hayakukoma.

Eveline alikunywa dawa, akafunga kifua, akaenda kwa daktari, akaambiwa mwili wake ni wa mwanamke aliyejifungua karibuni. Mkono wa kushoto uliendelea kujikunja. Siku moja, akiwa anapanga bafu, alilishika tena lile beseni dogo la waridi, akamtania Edson kwamba limekaa tangu Angela. Edson akasema la Angela lilikuwa la bluu, lilipasuka, si unakumbuka ulipandia mbegu za nyanya. Wakatazamana. Edson akainua mabega, akarudi dukani. Eveline akafungua sanduku. Chini kabisa, chini ya vitenge, palikuwa na mbeleko iliyofuliwa mara nyingi, na ilipofika puani ilinuka kichwa cha kichanga.

Wanaanza na wadogo.

Alifika kijijini jua linazama. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta mpya, saruji bado ina rangi tofauti, akaweka sikio. Upande wa pili, mbali, ndani ya kitu kilichofungwa na kutuliwa chini, mtoto mchanga alikuwa analia, kilio kikavu cha mtoto aliyelia sana. Maziwa yakashuka yenyewe mpaka kiunoni.

Akashika jembe lililoegemea ukuta. Mkono wa bibi ukamshika kiwiko, bila nguvu.

"Ulijua," Eveline akasema.

"Nilinusa. Pale Makambako." Bibi alikuwa analia kwa jicho moja. "Ulikuwa na mmoja mkononi, mwanangu. Niliogopa ukijua utamwachia."

"Nitamfungulia. Nitamwita, bibi. Wito unarudisha, umeona mwenyewe."

"Unarudisha," bibi akasema taratibu. "Kwa jina. Mimi kila usiku nalala nalitafuta, silioni. Haya, mwite. Anaitwa nani?"

Eveline akafungua mdomo. Akatafuta, kama alivyotafuta ndani ya gari, akitumaini hata herufi moja. Nyuma ya ukuta mtoto alinyamaza, kama watoto wanavyonyamaza wakisikia mama yuko karibu, akangoja aitwe.